Ng'onda Ndani ya Neno la Siri

Mama mkubwa wangu aliniajiri bila kuniuliza. Nilikuwa nimeacha kazi Shimanzi, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ambako nilikuwa mtu wa kompyuta. Mashine ikikwama waliniita, printa ikitafuna karatasi waliniita, na kiyoyozi kikivuja waliniita vilevile, kwa hoja kwamba nacho kina waya. Nikarudi nyumbani Mji wa Kale na nia moja tu, kulala. Sijalala vya kutosha, mama mkubwa akasimama mlangoni na buibui lake, akasema, "Haya, vaa. Kuna kazi dukani."

"Kazi gani, mama?"

"Ya kupakua."

Nikadhani ni marobota. Duka lake ni la leso, Mtaa wa Biashara, na leso huja kwa robota, na robota si mzigo wa kubebwa na mtu aliyekuwa akilala. Kumbe alichotaka nipakue kilikuwa kwenye mtandao. Neno alilipata kwa mwana wa mama mdogo, na alikuwa akilitamka kwa fahari, ingawa kwa miaka yote kabla ya hapo kupakua kwake kulikuwa ni kwa wali.

Mama yangu mzazi alikuwa wa katikati. Mkubwa wake ndiye huyu wa leso. Mdogo wake aliolewa Maskati zamani, na huko ndiko aliko. Mama alipofariki wakabaki hao wawili, na biashara ndiyo iliyokuwa ikiwafunga. Mama mdogo alichora. Aliketi Maskati na kompyuta yake akachora pindo na mji wa leso, yaani ile sehemu yake ya katikati, maua na nyota na korosho. Mama mkubwa alichagua jina, yaani yale maneno yanayoandikwa chini, na hakuna aliyethubutu kumwingilia. Kisha mchoro ulitumwa kiwandani Bara Hindi, na leso zikaja kwa meli.

Tatizo lilikuwa ukubwa wa michoro. Kila rangi ilikuwa na tabaka lake, na faili moja lilikuwa zito kiasi kwamba ukilishusha kwa njia ya kawaida, ya kubonyeza na kungoja, umeme ulikatika kabla halijafika, ukaanza upya. Mwana wa mama mdogo, ambaye kwetu ni ndugu yangu kamili, aliiweka michoro kwenye seva yake, akanifundisha programu nyingine. Hiyo haina picha wala vitufe. Ni dirisha jeusi tu, na wewe unaiandikia amri: pakua, kutoka mahali fulani, mimi ni fulani, na neno langu la siri ni hili. Uzuri wake ni subira. Mtandao ukikatika hainung'uniki, na ukirudi inaendelea palepale ilipoachia.

Basi nikawekwa mwisho wa meza ya duka, kompyuta mbele yangu, mtandao ukitoka kwenye simu ya mama mkubwa, na wateja wakipita nyuma ya mgongo wangu. Ilikuwa kazi nyepesi mpaka siku ya kamba.

Siku hiyo duka lilikuwa limejaa, na mama mdogo alikuwa kwenye simu ya video akionyeshwa jinsi watu walivyopenda leso zake. Mama mkubwa akaishika leso mpya, akaikunjua mbele ya wote, akasema kwa sauti ya kuuza, "Waoneni hawa kamba wa dada yangu, kama wametoka majini sasa hivi."

"Si kamba," ikasema simu. "Ni korosho."

"Korosho zina masharubu?"

"Hayo ni majani ya mapambo!"

"Ah," akasema mama mkubwa, na kwa bahati mbaya akaisogeza leso puani kama anayenusa. Wanawake wakacheka. Mmoja akauliza kilo bei gani. Simu ikazimika, na haikuwa kwa sababu ya mtandao.

Baada ya hapo hawakusemezana. Nilimwambia mama mkubwa ampigie mwenziwe yaishe. Akanijibu, "Mimi ndiye mkubwa. Simu hupanda, haishuki." Nikampigia mama mdogo. Akasema, "Mimi ndiye niliyechekwa." Kila mmoja alikuwa na haki yake ameikumbatia, na biashara ikabaki mikononi mwangu.

Ndugu yangu alikuwa na kanuni: kila mchoro mpya, neno la siri jipya. Kwa kuwa yeye hukosa la kuweka, alimwachia mama yake achague, na mama yake alikuwa akichagua majina ya matunda. Fenesi. Zambarau. Hatukuwahi kupata shida na zambarau. Lakini mchoro wa kwanza baada ya ugomvi ulikuja na ujumbe wa sauti, kwa sababu mama mdogo hapendi kuandika, na ujumbe wenyewe ulikuwa hivi:

"Assalaam aleikum mwanangu. Mchoro tayari. Neno la siri ni: Mato unayo, kuona huna. Weka kistari kila baina ya neno na neno, na herufi ya kwanza iwe kubwa. Na sauti ipandishe, usije ukakosea."

Niliipandisha. Mama mkubwa alikuwa akipima kitambaa. Mkono ukasimama hewani.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza mara ya pili akiwa amefumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi. Mimi nikaandika amri yangu, nikaweka neno la siri, nikabonyeza. Nikakataliwa. Nikajaribu tena, nikakataliwa tena.

"Umeandika nini?" akauliza.

"Macho-unayo-kuona-huna."

"Yeye amesema mato. Hii shule yenu imewaharibu. Mtu wa Mvita husema mato. Hata kutukana hutaki atukane kwa lugha yake?"

Nikaandika Mato. Faili likaanza kushuka. Lilipokwisha, mama mkubwa, ambaye kwa kawaida jina la leso humchukua wiki nzima na ushauri wa nusu ya mtaa, akanipa jina papo hapo: "Andika: Mpishi hajisifu, husifiwa na mlaji." Nikaliandika chini ya mchoro, nikalipandisha faili kwenye seva ili mama mdogo alione kabla halijaenda kiwandani. Jioni ukaja ujumbe wa sauti wa maneno mawili. "Nimeliona jina."

Ikawa ndiyo njia yao. Mdogo alisema kwa neno la siri, mkubwa akajibu kwa jina la leso. Mimi nilikaa katikati nikijituliza kwamba mjumbe hauawi. Na kwa kuwa leso huchukua miezi kuchapwa na kuvuka bahari, marobota yalipofika Kilindini ugomvi ulikuwa umeshasonga mbele sana. Ungeona wanawake wanateremka Feri asubuhi wamejifunga jibu ambalo mwenye kulitoa ameshalisahau, la tusi ambalo wao hawakulisikia kamwe.

Kisha likaja la ng'onda.

"Neno la siri," ukasema ujumbe wa sauti, "ni: Mla ng'onda hajui nguru."

Mama mkubwa akashusha pumzi. Ng'onda, yule samaki aliyepasuliwa akakaushwa kwa chumvi na jua, asiyefikia hadhi ya nguru mbichi, ndicho chakula akipendacho kuliko vyote, na dada yake alilijua hilo. "Andika," akaniambia. "Andika vizuri. Na ng' yake."

Nikaandika Mla-ng'onda-hajui-nguru, nikabonyeza. Sikukataliwa, wala faili halikushuka. Dirisha jeusi lilitoa alama moja ndogo ya mshale, likanyamaza. Nikabonyeza tena. Mshale mwingine. Nikabonyeza mara nyingi, mishale ikapangana chini kwa chini, na hakuna lililotokea.

"Inangoja nini?" akauliza mama mkubwa.

"Sijui."

"Imenuna. Hata mimi ningenuna."

Nilichezea mpaka nikagundua kwamba nikiongeza ile alama ndogo ya ng' mwishoni mwa neno, mishale inakoma na amri inaondoka. Nikafurahi. Ikaondoka, ikafika Maskati, ikakataliwa. Nikampigia ndugu yangu. Alikuwa nyumbani kwao, nikamsikia mama mdogo kwa nyuma akipanga vyombo. Aliangalia seva yake akasema, "Unatuma ngonda."

"Naandika ng'onda."

"Kwangu inafika ngonda. Haina ng'."

Sauti ya mama mdogo ikapenya kutoka jikoni. "Ngonda ni nini? Hakuna samaki wa jina hilo! Mwambie aandike kama alivyofunzwa na mama yake!"

Mama mkubwa, upande wangu, akainamia simu, akakumbuka kwamba hasemi naye, akanigeukia mimi. "Mwambie huyo anayesema huko nyuma kwamba tumeandika kwa ng'. Mashine yake ndiyo haijui samaki."

Ndugu yangu alicheka hata akakohoa. Kisha akanieleza. Ile alama iliyo kwenye ng', ritifaa, kwetu ni sauti tu, lakini kwa dirisha jeusi ni mlango. Ukiiandika mara moja, dirisha linaelewa kwamba umeanza kunukuu maneno ya mtu, na linakungoja umalize. Ile mishale ilikuwa ndiyo kuniambia, endelea, nakusikiliza. Na ukiiandika mara mbili, linaona umefungua na umefunga, linazichukua alama zote mbili kama takataka na kupeleka kilichobaki. Ndiyo maana ng'onda wangu alikuwa akifika Maskati hana ng'. Dawa yake, akasema, ni kulizungushia neno zima alama za kunukuu zile za mistari miwili. Nikazungushia. Faili likashuka.

"Alhamdulillah," akasema mama mkubwa, kisha akakumbuka ni neno gani lililofungua, akaukunja uso.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo hata leo kama si mteja mmoja. Alikuwa muuguzi, mwanamke wa Kisauni mcheshi, mkali wa bei, na siku hiyo alikuwa ameishika leso moja ya zambarau asubuhi nzima, akiiweka, akiiokota, akisema bei ipunguzwe, akienda mlangoni, akirudi. Mimi nilikuwa naandika amri yangu. Neno la siri la mchoro huo lilikuwa "Kung'ang'ania-si-kupata". Nililiandika lote, kubwa na jeupe juu ya dirisha jeusi, na yeye alikuwa nyuma ya bega langu.

"Mimi ndiye ninayeng'ang'ania?" akauliza.

Nikageuka. Uso wake ulikuwa karibu na wangu.

"La, dada, haikuhusu wewe. Hili ni neno la siri."

"Siri gani na mimi naisoma?"

Mama mkubwa akaja mbio. "La, la, mwanangu, si wewe. Ni dada yangu aliyesema."

"Dada yako ananijulia wapi?"

"Hakujui! Ananisema mimi!"

Hilo halikumridhisha, na mimi kwa haraka ya kulifuta lile neno nikabonyeza kitufe cha mshale wa juu, ambacho hakifuti kitu. Kazi yake ni kurudisha amri zilizopita. Ikaja ya nyuma yake. Nikabonyeza tena, ikaja nyingine. Yote yakatoka, moja baada ya jingine, matusi ya miezi: mla ng'onda hajui nguru, mato unayo kuona huna, na mengine ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa mama mkubwa anasoma. Nilisahau kabisa kwamba dirisha lile huweka kumbukumbu ya kila ulichokiandika, na neno la siri ukiliandika ndani ya amri nalo linahifadhiwa humo, linangoja siku ya kukuaibisha.

Muuguzi akasoma yote. Akaweka leso ya zambarau mezani.

"Hili la ng'onda," akasema, na sasa alikuwa anatabasamu, "mnalo kwa leso?"

"Hatuna," akasema mama mkubwa.

"Mbona hamna? Ninaye mtu wa kumvalia, alisome mwenyewe." Akatafuta kwenye rafu, akasoma majina ya mama mkubwa moja moja, Mpishi hajisifu na wenzake, akayarudisha. "Haya mazuri. Lakini lile la ng'onda lina chumvi. Likija nipigieni." Akaondoka bila kununua kitu.

Mama mkubwa aliketi kwenye kigoda chake. Aliyekuwa bingwa wa majina Mtaa wa Biashara ameambiwa na mteja, ndani ya duka lake, kwamba la dada yake lina chumvi.

Nilimsimulia ndugu yangu nikidhani atacheka. Hakucheka hata kidogo. "Kwa hiyo maneno yangu ya siri yote yameonekana na wateja?" akauliza. Akaniambia hata kama wasingeyasoma mezani, mtu yeyote anayeigusa mashine ile angeyakuta kwenye kumbukumbu. Akaniketisha, kwa simu, akanielekeza kutengeneza faili dogo la mipangilio. Humo niliandika jina la seva, jina la mtumiaji na neno la siri, mara moja tu. Kisha nikalifunga faili hilo ili asiweze kulisoma mtu mwingine ila mimi. Tangu siku hiyo programu ikitaka kuingia inajifungulia faili yenyewe, inachukua inachohitaji, na juu ya dirisha huonekani ukiandika kitu ila anwani ya mchoro. Ndani ya faili ritifaa haina ukorofi wowote. Ng' ingekaa humo kwa amani. Lakini ndugu yangu hakutaka tena ng' wala methali. Alitoa neno jipya lililotungwa na mashine, refu, la herufi na tarakimu zilizovurugwa, akasema hilo litadumu mpaka yeye aamue. Kumbukumbu ya zamani nikaifuta.

Kazi yangu ikawa safi. Mchoro ukiwa tayari, ndugu yangu ananiandikia "tayari", mimi naandika mstari mmoja mfupi, faili linashuka. Nilijiona mtu wa maana sana.

Mchoro wa kwanza ulishuka hivyo mama mkubwa akiwa amesimama pembeni. Aliungoja ujumbe wa sauti. Faili likafika.

"Amesema nini?" akauliza.

"Hajasema kitu. Haihitajiki tena."

Mchoro wa pili, hali hiyohiyo. Jina la leso likamchukua siku nyingi, na alilolitoa lilikuwa la maombi ya heri, la kawaida kabisa, lisilomgusa mtu. Wa tatu ulipofika hakuinuka kwenye kigoda. Aliniuliza tu kama nina hakika simu yangu inapokea sauti. Nikamwambia inapokea. Akasema pengine dada yake anaumwa. Nikamwambia haumwi, nimezungumza na mwanawe. Akasema basi pengine ndiyo amechoka nasi.

Siku moja baada ya swala ya alasiri akavuta kigoda mpaka kwenye kompyuta. "Hebu nifungulie hilo faili lako. Nataka kuona neno alilolitia humo."

"Ni siri, mama."

"Siri ya dada yangu ni yangu."

Nikafungua. Akavaa miwani, akasogea. Akalisoma lile neno herufi kwa herufi, midomo ikichezacheza: eksi, saba, kyuu kubwa, ka, tisa, dabliu, dabliu. Akalirudia. Akavua miwani.

"Hii lugha gani?"

"Si lugha, mama. Ni herufi tu, hazina maana."

"Hakuna neno lisilo na maana. Dada yangu hawezi kukaa miezi akaniambia kitu kisicho na maana." Uso wake ulikuwa umebadilika. "Hili ni zito hata hakuthubutu kulisema kwa Kiswahili."

Kabla sijaeleza, alikuwa ameshaishika simu. Akapiga Maskati, yeye mwenyewe, mkubwa kwa mdogo, na faili lililokuwa likishuka kwa mtandao wa simu hiyo likasimama.

"Dada?" ikasema sauti ya mama mdogo, nyembamba, kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini.

"Nani amekufundisha matusi haya? Eksi saba kyuu maana yake nini?"

Kisha nikamsikia mama mdogo akimuuliza mwanawe kitu, mwanawe akimjibu, na halafu kicheko. Mama mdogo hucheka kama mama yangu alivyokuwa akicheka, kwa kuvuta pumzi ndani kwanza. Mama mkubwa alijaribu kubaki na hasira yake, lakini mkono ulikuwa umeshaibana simu sikioni.

"Si mimi," akasema mama mdogo alipoweza. "Ni mashine. Mwanangu amenikataza kuchagua."

"Na wewe umesema nini basi muda wote huu?"

"Sikusema kitu."

"Kwa nini?"

"Hakukuwa na mahali pa kusemea."

Mama mkubwa akanigeuzia mgongo, akakiinua kigoda kwa mkono mmoja, akaenda kuketi nyuma ya marobota. Nilisikia kidogo kidogo. Magoti. Dawa ya magoti. Bei ya nguru. Mama yangu akatajwa. Kisha nikamsikia mama mkubwa akisema, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge, "Kuna mteja anataka leso yenye lile jina lako. La ng'onda."

Sikusikia jibu, ila mama mkubwa akasema, "Ndiyo. Lako." Na baadaye tena, "Ndiyo, nimesema lako, unataka nikuandikie barua?"

Leso hiyo ilichapwa. Muuguzi alinunua jozi nzima bila kubishana bei, na hakutuambia alikwenda kumvalia nani.

Wazee hao wawili walimwomba ndugu yangu awarudishie maneno yao ya siri ya zamani. Alikataa, akasema seva si baraza. Kwa hiyo sasa wanapigiana, kila siku baada ya alasiri, na kwa kuwa mtandao wa duka bado ni wa simu ya mama mkubwa, saa hiyo upakuaji wangu hulegea. Nimemwomba ninunue laini yangu mwenyewe. Amesema ni ubadhirifu. Basi mimi hukaa mwisho wa meza nikiangalia faili likishuka kwa kujivuta, na nyuma ya marobota nawasikia wakibishana kama jirani fulani aliyehamia Nyali alikuwa mrefu au alikuwa akivaa viatu virefu.